Pipa Moja la Maji ya Bahari: Mwongozo wa Kuanza Kutibu Maji ya Mitambo ya Mafuta na Gesi

Kila wanapomaliza vijana masomo ya ufundi hapa Unguja, au wanapovuka kutoka Pemba na vyeti mkononi, maswali yanayonifikia ni yale yale. Maji ya bahari hutibiwa vipi kule kwenye majukwaa ya kuchimbia mafuta na gesi baharini? Huwa yanatolewa chumvi? Na kwani bahari si iko pale pale chini ya miguu yao, kwa nini wasiivute tu wakaitumia ilivyo? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu barazani, nimeyajibu kwenye foleni ya boti ya Dar. Sasa naandika. Wala sitaki ukariri majina ya mitambo. Nataka uchote pipa moja la maji ya bahari, uyapitishe mwenyewe kwenye hatua zile zile zinazofuatwa jukwaani, ili siku ukisimama mbele ya mtambo wenyewe ujue kila paipu inafanya kazi gani.

Kwanza swali la chumvi, maana ndilo linalopoteza wengi. Maji yanayodungwa ardhini kusukuma mafuta kwa kawaida huachiwa chumvi yake, takriban gramu 35 kwa kila lita. Maji matamu yakiingia kwenye mwamba wenye chembe za udongo wa mfinyanzi yanaweza kuzivimbisha au kuzing'oa, vinjia vya mafuta vikaziba. Kwa hiyo chumvi si adui. Adui ni tope, viumbe hai, oksijeni, na katika visima vingine salfeti. Yanayotolewa chumvi ni maji ya kunywa na kuoga ya wafanyakazi na ya baadhi ya mashine, na hayo yana mtambo wake tofauti.

Swali la pili: hapa kwetu kazi hii ipo? Mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitia saini na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar, na huko bado ni utafutaji. Kwa upande wa Bara gesi ya Songo Songo inatumika tangu 2004. Gesi kwa kawaida hutoka kwa shinikizo lake yenyewe, haisukumwi kwa maji kama mafuta. Hata hivyo maji ya bahari yaliyotibiwa yanahitajika kila penye jukwaa au meli ya kuchimba: kupoza mashine, kuzima moto, na kujaribia mabomba. Bomba jipya la chini ya bahari hujazwa maji na kukandamizwa ili lijulikane kama linavuja. Maji hayo yanaweza kulala ndani kwa miezi, na yasipotibiwa bomba huliwa kabla halijapitisha gesi hata siku moja.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu hivi. Vya maabara viazime skuli au chuoni kwako, usivinunue.

- Pipa la plastiki la lita 200, lililooshwa, ambalo halijawahi kubeba mafuta wala dawa ya shamba. Tutatumia lita 100 tu.
- Ndoo mbili za lita 20 na dumu moja la lita 20 lenye kifuniko kinachobana.
- Mpira wa maji wenye urefu wa mita mbili, mwembamba.
- Klorini ya majimaji ya dukani, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni. Soma nguvu yake kwenye chupa. Hapa nitachukua asilimia 3.5.
- Vidonge vya DPD, ambavyo hugeuza maji yenye klorini kuwa waridi, na kifaa chake cha kulinganisha rangi.
- Mita ya oksijeni iliyoyeyuka majini, inayoweza kuwekewa kiwango cha chumvi.
- Sodiamu salfaiti ya unga, gramu 50 zinatosha, na mizani ya kupima hadi sehemu ya kumi ya gramu.
- Mchanga mgumu wa kuchujia, kokoto ndogo, na chujio la nyuzi la maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) pamoja na kasha lake.
- Mabomba ya sindano ya mililita 10, bila sindano.
- Misumari ya chuma isiyopakwa bati na chupa mbili za kioo zenye vifuniko.
- Miwani ya kazi, glovu za mpira, daftari.

Daftari nimelitaja mwisho lakini ndilo la kwanza kulifungua. Jukwaani kipimo ambacho hakikuandikwa huhesabika kuwa hakikufanyika.

Hatari tatu uzijue mapema. Klorini usiichanganye na siki wala asidi yoyote: hutoka gesi inayochoma mapafu. Vumbi la salfaiti humbana pumzi mwenye pumu, kwa hiyo lipimie pasipo na upepo na usilivute. Ya tatu ni bariamu, nitaisema itakapofika.

Jambo jengine ni majina mawili yanayofanana. *Salfeti* imo baharini tangu asili. *Salfaiti* ni dawa tunayoitia sisi ili iondoe oksijeni. Yamepishana kidogo tu katikati, na nimeshaona fomu ya kuagizia dawa imejazwa kinyume.

Hatua kwa hatua

1. Chota maji mahali na wakati unaofaa.

Usichote gatini Malindi, penye mafuta ya boti, wala karibu na mtaro wa mji. Panda ngalawa au mtumbwi, toka nje kidogo, chota maji yakiwa yanajaa, maana yanayoingia ni ya bahari kuu. Yanayokupwa yanakuja na uchafu wa pwani. Siku za maji mafu ni bora kuliko bamvua, kwa sababu bamvua huvuruga tope la chini. Wakati wa masika subiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, la sivyo utapima maji ya mvua yaliyochanganyika na udongo.

Zamisha ndoo chini ya uso wa maji kwa kina cha mkono, usikombe juu. Juu kuna mafuta, povu na takataka. Majukwaa nayo hufanya hivyo hivyo: mdomo wa pampu hushushwa mbali chini ya uso, ambako mwanga ni hafifu, mimea midogo ni michache na maji ni baridi kidogo.

2. Pima kabla hujatia kitu.

Andika joto, pH (kipimo cha uasidi), oksijeni, na namna maji yanavyoonekana kwenye chupa angavu. Maji yetu yakiwa na nyuzi 28 za Selsiasi, tarajia pH ya karibu 8.1 na oksijeni ya miligramu 6 hadi 6.5 kwa lita.

Hapa kosa kubwa ni mita. Usipoiwekea kiwango cha chumvi, itasoma kana kwamba ni maji ya kisima na kukuonesha zaidi ya 7.5. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Na ukichota alasiri penye majani ya bahari au mashamba ya mwani, kama ghuba ya Chwaka, unaweza kupata namba kubwa ya kweli, kwa kuwa mimea hutoa oksijeni mchana kutwa. Kwa hiyo andika na saa.

3. Tafuta kiasi cha klorini ambacho maji yenyewe yanakula.

Wanafunzi wengi hutaka kuanza na kuchuja, kwa sababu tope ndilo linaloonekana. Jukwaani klorini huanza, tena huanzia mdomoni mwa pampu. Sababu muulize mvuvi yeyote anayepandisha chombo akakikwangua chini: chaza, kome na vile viganda vikali huota popote penye maji yanayopita na kuleta chakula. Ndani ya paipu hali ni hiyo hiyo, na paipu huwezi kuipandisha ufukoni ukaikwangua. Watoto wa viumbe hivyo hupita kwenye chujio wakiwa hawaonekani kwa macho, wakaja kujishika mbele.

Klorini yenyewe kwa kawaida haibebwi kwa madumu. Hutengenezwa pale pale kwa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari, ikageuza chumvi kuwa sodiamu hipokloraiti. Mtambo huo hutoa pia haidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche, ndiyo maana feni zake za kutolea gesi hazizimwi na hakuna anayefika hapo na kiberiti.

Wewe fanya hivi:

a) Chukua mililita 10 za klorini ya asilimia 3.5, ongeza maji safi ya chupa mpaka yafike mililita 350. Sasa kila mililita 1 ya mchanganyiko huu ina miligramu 1 ya klorini.

b) Panga chupa tano zenye lita 1 ya maji ya bahari kila moja. Tia mililita 0.5, 1, 1.5, 2 na 3. Tikisa taratibu, weka kivulini.

c) Baada ya nusu saa pima kila chupa kwa DPD.

Utaona chupa ya kwanza, pengine na ya pili, hazina kitu. Klorini yote imeliwa na uchafu na viumbe. Tafuta chupa iliyobakiwa na karibu miligramu 0.5 kwa lita. Kipimo chake ndicho utakachotumia. Ikiwa ni ile ya mililita 2, basi pipa la lita 100 linahitaji mililita 200 za mchanganyiko wako.

Usiazime namba ya mwenzako. Maji ya Nungwi wakati wa kusi na maji ya Mkoani baada ya vuli hayali klorini sawa, na hata hapo hapo ulipochota mwezi jana leo patakuwa pengine. Klorini ya dukani nayo hupungua nguvu ikikaa juani, kwa hiyo asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ni ile ya siku ilipotoka kiwandani.

4. Chuja, kuanzia kikubwa kuja kidogo.

Pitisha maji kwenye kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara mbili. Hiyo ni badala ya chujio la kwanza la jukwaani, linalozuia vitu vya ukubwa wa maikroni 80 hadi 150. Kisha pitisha kwenye ndoo ya mchanga: kokoto chini, mchanga wa chenga kati, laini juu, na tundu la kutolea chini kabisa.

Mchanga wa ufukweni usiutumie. Tia siki kidogo juu yake uone: unatoa povu. Mchanga wetu mweupe wa pwani ni matumbawe na magamba ya konokono yaliyosagika. Ni laini, unajisaga wenyewe na kutoa unga mweupe unaochafua maji uliyotaka kuyasafisha. Tafuta mchanga usiotoa povu. Uoshe mara nyingi mpaka maji ya kuoshea yatoke maangavu kabisa. Mara kumi si nyingi.

Ndoo ya kwanza inayopita mwageni, ya pili rudisheni juu, ya tatu ndiyo muihesabu. Mchanga huchuja vizuri zaidi ukishatulia na kushika uchafu kidogo. Baadaye ukishika mwingi maji hupungua kasi, na hapo huoshwa kwa kusukumiwa maji kutoka chini kwenda juu. Malizia kwa chujio la maikroni 5.

5. Jaribu kama maji yatayaziba mambo huko mbele.

Macho hayatoshi. Maji yanaweza kung'aa kwenye glasi na bado yakaziba membreni, yaani tando za kuchujia zenye matundu madogo mno, ndani ya wiki. Kipimo kinachotumika dunia nzima ni faharasa ya uzibaji, ambayo hesabu yake haitishi. Sukuma maji kwa shinikizo la bari 2.07 kupitia karatasi ya kuchujia yenye matundu ya maikroni 0.45 na kipenyo cha milimita 47. Pima sekunde za kujaza mililita 500 za kwanza. Acha maji yaendelee kupita, na ikitimia dakika 15 pima tena sekunde za mililita 500.

Gawa muda wa kwanza kwa wa pili, toa jibu kutoka 1, zidisha kwa 100, gawa kwa 15. Kwa mfano mwanzo sekunde 30, mwisho sekunde 75: 30 kwa 75 ni 0.4, moja kutoa 0.4 ni 0.6, mara 100 ni 60, gawa kwa 15 unapata 4. Watengenezaji wengi wa membreni wanataka isizidi 5, na mafundi waangalifu wanataka chini ya 3.

Kama chuo chako hakina kifaa hiki, ruka, lakini hesabu ijue. Ni swali la usaili.

6. Ondoa oksijeni.

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo wanaoanza huiharibu zaidi.

Chuma kwenye maji ya chumvi bila oksijeni huharibika polepole sana. Kikiwa na oksijeni huliwa kwa kasi. Maji yanayodungwa kisimani hutakiwa yawe na oksijeni isiyozidi miligramu 0.02 kwa lita. Umeanza na 6.5. Lazima upunguze zaidi ya mara mia tatu.

Je, dawa pekee inaweza? Inaweza, ila piga hesabu. Miligramu 1 ya oksijeni huliwa na takriban miligramu 8 za sodiamu salfaiti. Jukwaa linalodunga mita za ujazo 10,000 kwa siku lingehitaji kilo 520 za unga kila siku, mchana na usiku, katikati ya bahari. Kwa hiyo maji hupandishwa kwanza kwenye mnara, hewa ikavutwa kwa pampu za utupu, au yakapitishiwa gesi isiyo na oksijeni ikaisukuma nje. Yakishuka huwa na kama miligramu 0.05. Kilichobaki ndicho hulishwa dawa, na hapo kilo 4 kwa siku zinatosha. Anayeielewa hesabu hii huelewa kwa nini mnara ukiyumba chumba kizima cha udhibiti husimama.

Wewe huna mnara, na kwa lita 20 huuhitaji.

a) Jaza dumu kwa mpira uliofika mpaka chini kabisa. Acha maji yapande kimya kimya, yamwagike juu kwa muda. Usimimine kutoka juu! Kila tone linaloruka linaingiza hewa upya.

b) Pima klorini iliyobaki. Salfaiti huila klorini kabla ya kugusa oksijeni, kwa hiyo ihesabie fungu lake: miligramu 1.8 kwa kila miligramu 1 ya klorini.

c) Hesabu: lita 20 mara 6.5 ni miligramu 130 za oksijeni. Mara 8 ni 1,040. Klorini ya 0.5 katika lita 20 ni miligramu 10, inataka 18. Jumla ni kama gramu 1.06. Ongeza kidogo ifike gramu 1.2.

d) Yeyusha unga kwenye maji kidogo, ingiza kwa bomba la sindano lenye mpira uliofika chini ya dumu. Funga pasibaki hewa hata ya kidole. Geuza dumu juu chini mara tano, taratibu.

e) Subiri nusu saa, fungua, zamisha mita haraka, soma.

Ukipata chini ya 0.1 kwa vifaa hivi umefanya kazi nzuri. Mita nyingi za skuli haziwezi kusoma chini zaidi ya hapo kwa uhakika. Jukwaani wana vipimo vyao maalumu.

7. Weka misumari.

Safisha misumari kwa sabuni, ikaushe, mmoja kila chupa. Chupa ya kwanza jaza nusu kwa maji ghafi ya bahari, acha wazi. Ya pili jaza kwa mpira maji yaliyotolewa oksijeni mpaka yafurike, funga, zungushia nta ya mshumaa. Acha siku saba. Msumari wa kwanza utavaa kutu ya rangi ya chungwa na chini patajaa unga. Wa pili, kama hukuruhusu hewa, utabaki karibu ulivyouweka. Ukiwa mwalimu, kazi hii wafanyie wanafunzi hata kama huna nafasi ya kufanya nyengine yoyote.

8. Elewa salfeti, usihangaike kuiondoa nyumbani.

Maji ya bahari yana salfeti kama miligramu 2,700 kwa lita. Maji yaliyokuwemo ndani ya miamba mingi ya mafuta yana bariamu. Viwili hivi vikikutana huzaa gamba gumu jeupe. Gamba la birika, lile la maji yetu ya mawe ya chokaa, ukilitilia siki linayeyuka. Gamba la bariamu halijali siki wala asidi. Likijenga ndani ya bomba la kisima hubidi kukwanguliwa au kusagwa, na kisima kimesimama.

Salfeti pia ni chakula cha aina ya bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni, ambao huitumia na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo inaua. Pua nayo si mlinzi: ikiwa nyingi huzima uwezo wa kunusa, mtu akadhani imeondoka.

Jukwaani salfeti hupunguzwa kwa membreni maalumu zinazoizuia na kuachia chumvi ya kawaida ipite, ikashuka kutoka 2,700 hadi makumi machache ya miligramu. Membreni hizo ni ghali, na klorini huziua. Niliwahi kuwa zamu kwenye meli moja ambapo kipima klorini kilisoma sifuri kwa siku kadhaa, nasi tukaridhika na sifuri ile. Kumbe dawa ya ndani ya kifaa ilikuwa imekwisha. Kingesoma sifuri hata ukikitilia klorini tupu. Tulipogundua, maji yalikuwa yanapita kwa wingi kuliko kawaida na salfeti inapanda, dalili kwamba membreni zimeshaliwa. Zilibadilishwa zote. Tangu hapo kila nikikuta sifuri napima tena kwa mkono, kwa DPD, kabla sijaiandika.

Ukitaka kuliona gamba kwa macho, fanyeni kwenye maabara mbele ya mwalimu: matone machache ya bariamu kloraidi kwenye maji ya bahari yaliyozimuliwa mara hamsini. Maji hugeuka maziwa papo hapo. Bariamu kloraidi ni sumu ikimezwa. Haitoki maabara, haifiki jikoni, na taka zake huachiwa mwalimu.

9. Maji uliyotibu yamwage kwa adabu.

Usiyarudishe baharini yalivyo. Yenye klorini yaache juani kwa siku moja au mbili, pima mpaka DPD isioneshe rangi. Yaliyotolewa oksijeni yamimine kutoka ndoo hii kwenda ile mara nyingi mpaka mita isome zaidi ya 5; samaki mdogo akikutana na maji yasiyo na hewa hana pa kukimbilia. Kisha mwaga penye mkondo, si kwenye vidimbwi vya mwambani. Pipa moja ni dogo, lakini bomba la gesi lenye maji ya majaribio hubeba maelfu ya mita za ujazo, na siku moja atakayeulizwa yamwagwe wapi, karibu na matumbawe ya Misali au mbali, anaweza kuwa wewe.

Mambo yakikataa

*DPD inaingia waridi, kisha inafifia mara moja, au haioneshi rangi kabisa ingawa umetia klorini nyingi.* Klorini imezidi, inachoma rangi ya kidonge. Zimua maji mara kumi, pima tena, zidisha jibu.

*Klorini inaisha ndani ya dakika chache kwenye pipa, ilhali kwenye chupa ilibaki.* Angalia pipa. Utando wa uchafu ukutani hula klorini. Sugua, suuza, rudia.

*Faharasa ya uzibaji haishuki chini ya 5.* Mara nyingi ni mchanga usiooshwa vya kutosha, au chujio la maikroni 5 halikukaa vizuri kwenye kasha na maji yanapita pembeni yake. Fungua, tazama mpira wa kuzuia. Kama vyote viko sawa, chota maji siku nyengine yenye bahari tulivu.

*Umetia salfaiti na oksijeni haijashuka.* Shaka ya kwanza ni unga wenyewe. Unyevu wetu wa pwani ni mkali. Kopo likiachwa wazi, salfaiti hula oksijeni ya hewani na kugeuka salfeti kabla hujaitumia. Jaribu kopo jipya. Shaka ya pili ni hewa iliyobaki chini ya kifuniko. Ya tatu, klorini ilikuwa nyingi kuliko ulivyohesabu.

*Oksijeni ilishuka vizuri, kesho yake imepanda.* Dumu linavuta hewa. Dumu za plastiki nyembamba hupitisha kidogo hata zikifungwa. Chupa ya kioo hutunza zaidi.

*Msumari wa chupa iliyofungwa umekuwa mweusi, na ukifungua kuna harufu ya yai viza.* Bakteria wa salfeti wameamka. Maana yake klorini haikuua vya kutosha mwanzoni, au chupa haikuwa safi. Fungulia nje penye upepo, usiiweke puani. Jukwaani, kwa sababu hii hii, hutiwa kila baada ya muda dawa nyengine ya kuua bakteria mbali na klorini, na baadhi ya dawa hizo, kama glutaraldehaidi, huharibiwa na dawa ya kula oksijeni zikikutana. Kwa hiyo kabla hujafungua valvu ya dawa yoyote, uliza ni ipi inayotiwa kabla yake na ipi baada yake kwenye paipu hiyo hiyo.

*Mita inacheza, namba haitulii.* Koroga maji polepole kwa ncha ya mita. Mita nyingi zinahitaji maji yapite mbele ya utando wake ili zisome. Ikiendelea, badilisha utando na dawa ya ndani, rekebisha upya, kisha rudi hatua ya pili.